Paka wa Kiajemi kwenye baridi ya Mbeya: mkague kwa mikono, usingoje alie

Mtu aliyezoea paka wetu wa kawaida atamshangaa paka wa Kiajemi kwa upole wake. Hapendi kupanda juu ya makabati, sauti yake ni ndogo, na mtoto akimbeba vibaya mara nyingi hulegea tu badala ya kukwaruza. Upole huo ndio unaowavutia watu wa Mbeya na Iringa kumfuga, na huohuo ndio unaomponza. Akiumwa jino, ngozi au figo hapigi kelele. Anazidi kutulia, na wenye nyumba wanafurahi kwamba leo katulia kweli. Ndiyo maana kumtunza ni kazi ya kumpapasa na kumtazama kila siku, hata siku anayoonekana mzima kabisa.

Kama shida yako ni panya stoo, chukua paka wa kijijini. Huyu analala muda mwingi, na akitoka nje hawezi kujitetea mbele ya mbwa wala dume wa jirani. Ni paka wa ndani, basi.

Manyoya ndiyo yanayowashinda wengi. Yana matabaka mawili: nywele ndefu za juu, na sufi laini ya chini iliyogusana na ngozi. Mafundo huanzia kwenye hiyo sufi. Ukipitisha brashi juujuu paka anang'aa, kumbe chini pameshikana. Tumia chanuo la chuma lenye meno mapana, kisha lenye meno ya karibu. Mlaze ubavu mapajani, gawa manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi, anza kuchana nchani ukirudi kwenye shina, huku mkono mwingine umeshika shina ili ngozi isivutike. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinatosha. Usiruke nyuma ya masikio, kwapani, tumboni, kwenye nyonga na chini ya mkia, maana fundo hufichama huko.

Fundo dogo linyunyizie unga laini wa wanga wa mahindi, ulichambue kwa vidole, ndipo uchane kuanzia pembeni. Usilikate kwa mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na huvutwa ndani ya fundo, kwa hiyo mkasi unaodhani umekata nywele huwa umefungua jeraha. Yaliyoshikana kama mkeka ni kazi ya daktari wa mifugo kunyoa kwa mashine, pengine kwa dawa ya usingizi.

Kuoga, mara moja kila wiki 4 hadi 6. Mwezi wa Juni na Julai, usiku Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe baridi huzidi hapo. Manyoya makavu yanamtosha kwa baridi hiyo. Manyoya mabichi ndiyo yanayomdhuru. Muogeshe asubuhi ya siku yenye jua, kwa maji ya vuguvugu unayoyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na shampuu ya paka. Suuza mpaka maji yatoke safi. Taulo ulikandamize, usisugue, kwa sababu kusugua kunasokota sufi. Mkaushe kwa mashine ya nywele kwenye joto dogo hadi vidole vikute pakavu karibu na ngozi. Unyevu ukibaki chini hapo, fangasi hupata makazi, na paka hawa hupatwa na mapunye kwa urahisi. Ukiona duara lisilo na nywele, lenye magamba, wazuie watoto kumbeba mpaka atibiwe, kwani ugonjwa huo unahamia kwa watu.

Uso wake bapa umepinda njia za machozi, hivyo machozi humwagika usoni. Futa kila siku kwa pamba iliyolowa maji yaliyochemshwa na kupoa, kutoka kona ya ndani kwenda nje, pamba moja kwa jicho moja. Usaha wa kijani, jicho jekundu au kulifumba ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.

Usimpashe joto kwa jiko la mkaa. Gesi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu, sembuse mnyama mwenye pua fupi anayelala sakafuni, tena cheche moja inatosha kuunguza manyoya marefu. Mpe boksi lenye blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Kwenye beseni la haja, wengi hutumia vumbi la mbao kwa kuwa Mafinga limejaa. Vumbi laini linaingia puani na kugandamana na manyoya ya nyuma. Pumba za mpunga nazo hunasa vilevile. Maranda makubwa au mchanga wa chembe nene ni bora zaidi. Zoa kinyesi kila siku, na kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo aifanye mtu mwingine.

Chakula. Ugali na dagaa vinamshibisha bila kumlisha. Paka anahitaji taurini, kirutubisho ambacho kipo kwenye nyama, hasa mioyo ya kuku, na akikikosa muda mrefu moyo na macho huharibika. Chakula cha mbwa hakimfai kwa sababu hiyohiyo. Paka wa kilo 4 anahitaji takribani gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha paka kwa siku, pamoja na maji safi. Usipa au kuku wa kuchemsha bila chumvi, kitunguu wala mifupa uwe nyongeza. Maziwa ya Rungwe ni matamu, ila paka wakubwa wengi huwaharisha, na kuhara kwa paka mwenye manyoya marefu nyuma ni shida mara mbili.

Akikataa kula siku mbili, hasa akiwa mnene, ini linaweza kuharibika. Usingoje ya tatu. Dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka huenda ameziba, na hapo unahesabu saa.

Dawa za binadamu zikae mbali: nusu kidonge cha parasetamo cha miligramu 500 inaweza kumuua. Vilevile, kwa kuwa pareto inalimwa huku kwetu, watu hudhani kila dawa ya jamii yake ni salama. Pemethrini, dawa ya wadudu ya kiwandani iliyoigwa kutoka pareto, na dawa za kuogeshea ng'ombe zina sumu kali kwa paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja vizuri. Dawa ya viroboto iandikwe wazi kuwa ni ya paka. Maua ya yungiyungi (lily) ya kwenye mashada yasiingie ndani. Hata chavua anayoilamba kwenye manyoya inaua figo.

Kabla ya kununua, uliza kama wazazi walipimwa figo kwa ultrasaundi. Ukoo huu una ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji kwenye figo, na mzazi mmoja mwenye nao anaweza kuurithisha kwa nusu ya watoto. Chanjo za mafua na homa ya paka huanza wiki ya 6 hadi 8, zikirudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12.

Ukisafiri naye kushuka Kyela au Dar es Salaam, joto ndilo adui. Panda basi la usiku, weka kreti penye hewa, mbali na injini. Hesabu pumzi akiwa amelala: 16 hadi 30 kwa dakika ni kawaida. Akihema mdomo wazi, lowesha masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpepee, na umfikishe kwa daktari wa karibu hata kama hamjafika mwendako.