Nafanyia kazi nyumbani kutwa nzima lakini haiishi: nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mimi ni mhasibu, na tangu mwaka jana nafanyia kazi nyumbani siku tano kwa wiki. Naanza saa moja asubuhi na kuondoka mezani saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo naendelea kujibu ujumbe wa msimamizi wangu mpaka wakati wa kulala. Pamoja na hayo, kazi ya kufunga hesabu za mwezi inanilemea, mgongo unaniuma na watoto wanalalamika kwamba sipo ingawa nipo. Nimeshauriwa nitumie ile mbinu ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika dakika 5. Je, itanifaa, au tatizo langu ni kukosa nidhamu?

JIBU: Ndugu msomaji, mtu anayekaa mezani kwa muda wa saa 11 kila siku hawezi kuambiwa kwamba amekosa nidhamu, na ningependa uliondoe wazo hilo kabla ya kubadilisha jambo lolote, kwa sababu ukilishikilia utaishia kujiongezea saa nyingine. Ninavyolisoma swali lako, unachokosa ni mwisho: siku yako haina saa ya kufungwa, na kila kazi unayoishika ndani yake inakatizwa kabla haijafika mahali panapofaa kuachwa.

Saa 11 kwa siku tano ni saa 55 kwa wiki, bila kuhesabu ujumbe wa usiku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja yaliyoonyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo wa kuziba kwa mishipa iliyo kubwa kwa asilimia 17. Hizo ni hesabu za makundi makubwa ya watu, si utabiri juu yako, lakini zinatosha kutuonyesha kwamba suluhisho haliwezi kuwa kukaa mezani zaidi.

Kazi ya nyumbani ina tabia ya kurefuka pasipo mtu kuamua. Katika jaribio lililofanywa na Nicholas Bloom na wenzake kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip nchini China, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano kwa miezi tisa waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Takwimu hiyo hunukuliwa mara nyingi. Kisichonukuliwa ni kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, takriban asilimia 9, ilitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Tena wahudumu wale walikuwa na zamu zenye saa maalumu ya kumalizika, jambo ambalo wewe huna.

Sasa niijie mbinu uliyoshauriwa. Ilibuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi, na ni nzuri kwa kazi ambayo mtu anaikwepa kuianza, kwa sababu dakika 25 haziogopeshi. Kwa kuingiza ankara au kujibu barua pepe, itumie bila wasiwasi. Kwa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, siipendekezi, kwa kuwa unahitaji muda wa kutosha kuyapanga makosa yote kichwani, na kengele inaweza kulia wakati ule hasa unapokaribia kuiona tofauti. Kazi ya namna hiyo itengee dakika 60 hadi 90 mfululizo, asubuhi kama ndipo akili yako iko wazi zaidi, huku arifa za simu na za kompyuta zikiwa zimezimwa.

Kuzima arifa si anasa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja isiyokwisha kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili huifanya vibaya zaidi. Kwa hiyo ujumbe wa msimamizi uliokuchukua dakika mbili kuujibu umekugharimu zaidi ya dakika hizo mbili. Baadaye, katika utafiti aliouchapisha na Theresa Glomb mwaka 2018, alibainisha dawa iliyo rahisi: kabla hujaiacha kazi, andika ulipofikia na utakapoanzia ukirudi. Kwako wewe, maandishi hayo yanaweza kuwa hivi: “Nimefika mstari wa 212. Malipo mawili ya tarehe 14 hayana risiti. Nikirudi, naanza kwa kumwandikia mtunza stoo.” Yaandike juu ya laha lenyewe, si kwenye kijidaftari ambacho utakitafuta kesho. Katika yote ninayokushauri, hili ndilo ambalo ningekuomba ulianze leo.

Ukilizoea, utaweza pia kuifunga siku. Chagua saa, tuseme saa kumi na nusu jioni, na nusu saa kabla yake usianze jambo jipya: andika ulipofikia katika kila kazi iliyo wazi, chagua kazi moja ya kuanzia kesho, funga programu zote, kisha iweke kompyuta mahali usipoiona, hata kama meza yako ya kazi ndiyo hiyo hiyo ya chakula. Watoto nao wataisoma ishara hiyo upesi kuliko maelezo, ili mradi uifuate kila siku na usiifungue tena baada ya dakika kumi.

Hata hivyo saa ya kufunga haiwezi kusimama bila makubaliano na msimamizi wako. Usimwandikie kulalamika, mpe pendekezo lenye saa ndani yake, kwa mfano: “Nitakuwa nikijibu ujumbe saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Jambo lisiloweza kusubiri mpaka kesho, tafadhali nipigie simu.” Wasimamizi wengi huandika usiku kwa sababu ndipo wanapokumbuka, si kwa sababu wanalihitaji jibu usiku huo. Siku za kufunga mwezi kubalianeni saa tofauti, na ziwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Kuhusu mgongo, ukitumia kompyuta mpakato peke yake huwezi kukaa vizuri, kwani kioo kikiwa sawa na macho, mikono inaning’inia juu, na mikono ikiwa sawa, shingo inainama. Inyanyue kompyuta mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa mkono mmoja, na utumie kibodi ya pembeni huku viwiko vikiwa vimekunjwa takriban nyuzi 90 na nyayo zikikanyaga chini barabara. Simama na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo, hata kama kiti chako ni kizuri. Iwapo maumivu yanashuka mguuni, au vidole vinakufa ganzi, au yanakuamsha usiku, usingoje marekebisho ya meza yafanye kazi; nenda ukamwone daktari wiki hii.