Umechaguliwa Udaktari wa Meno na Moyo Unasita? Jipime Kabla ya Kuthibitisha

Majina ya udahili yakishatoka, siku za kuthibitisha hupita upesi, na ndizo siku ambazo kila shangazi na kila jirani ana neno la kusema. Huyu anadai kung'oa meno si udaktari, yule anakuhesabia utajiri. Mdogo wetu, waache kwanza. Mbele yako kuna miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakupa usajili kamili. Ni muda mrefu mno kuuanza na shaka ambayo hujaipima. Na shaka hii inapimika, tena kwa wiki 2 au 3 na gharama ndogo.

Kama kinachokuuma ni kwamba uliomba udaktari wa tiba ukakosa, sema hivyo wazi, usikiite kwa jina lingine. Wapo wengi waliochaguliwa meno kama chaguo la pili wakaipenda kazi walipoishika mkononi. Wanaoumia ni wale wanaoingia wakipanga kuhamia udaktari wa tiba mwaka wa 2. Usithibitishe kwa hesabu hiyo. Nafasi ni chache, na mwaka unaoupoteza darasani ukisubiri kuhama ni mrefu kuliko mwaka wa kurudia maombi. Anayedhani meno yatamwepusha na vitabu vigumu naye amekosea njia. Anatomia, fiziolojia na bayokemia zinamsubiri kwa uzito uleule, na anatomia ya kichwa na shingo ndiyo itakayomkalia kooni zaidi.

Hilo la "si udaktari kamili" tulimalize upesi. Gego la chini likioza hadi kwenye kiini, usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ulimi ukainuliwa, njia ya hewa ikaziba. Mtu anakufa kwa jino. Hata ganzi ya kila siku ni hesabu: kijichupa cha mililita 1.8 cha lignokeini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Kwa mtoto, kikomo kinachotumika sana ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 haruhusiwi kuvuka 66. Vijichupa 2 kamili ni 72. Umeshavuka, na mama yake amekaa pembeni anakuangalia.

Sasa mikono, maana hapa ndipo shaka inapostahili kusikilizwa kwa makini. Chukua mche wa sabuni ya kufulia, kisu kidogo chenye makali na rula. Chonga jino la mbele la juu, lile la katikati, kwa ukubwa mara 2 ya jino halisi: urefu wote milimita 47, kichwa cha jino milimita 21, mzizi 26, upana wa kichwa 17. Chora umbo kwanza pande zote, ndipo uanze kuondoa sabuni kidogo kidogo. Wengi hukosea mahali pamoja: uso wa mbele wanaukata bapa kama kigae, wakati jino halisi limebinuka kidogo kutoka kwenye ufizi hadi ncha. Kosa la pili ni kufanya kona mbili za chini zifanane. Simama mbele ya kioo utazame jino lako mwenyewe: kona inayogusana na jino la mwenzake ni kali, ile ya upande wa shavu imeviringika zaidi. Kwa kona hizo tu daktari anajua jino lililo mezani ni la kulia au la kushoto.

Chonga matano, sio moja. La kwanza litakuwa baya. Halina maana yoyote. Tazama la 5, na zaidi ujitazame wewe mwenyewe saa ya pili ya kuchonga. Je, ulipokosea nusu milimita ulitaka kurekebisha, au ulitaka kuitupa sabuni? Hicho ndicho kipimo. Ustadi wa vidole hufundishika. Hamu ya kurudia kitu kidogo mpaka kikae sawa ni vigumu kuipandikiza.

Zoezi lingine ni la kioo, kwa sababu meno mengi ya juu utayafanyia kazi ukiyaona kwenye kioo cha mdomoni. Simamisha kioo mezani, zuia macho yasione mkono wako, kisha ufuatishe kwa kalamu nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, ukiangalia kiooni peke yake. Siku ya kwanza mkono utaenda kinyume na unavyotaka. Dakika 15 kila siku kwa siku 10 zinatosha kuona kama unapiga hatua.

Mikono inayotetemeka kidogo isikutishe. Hakuna mkono usiotetemeka ukiachwa hewani. Hatufanyi kazi hewani: kidole cha pete huegemea jino la jirani, na vidole vilivyoshika kifaa huzunguka juu ya mhimili huo. Jaribu kuandika herufi ndogo bila kuegemeza mkono, kisha ukiwa umeegemeza, utaona tofauti. Kama mkono unatetemeka hata ukiwa umelala juu ya meza, muone daktari kabla ya kuamua.

Baada ya hapo nenda kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Andika barua kwa mganga mfawidhi, omba kukaa siku 3 kama mtazamaji, na uombe ridhaa ya kila mgonjwa kabla ya kusimama karibu naye. Usiende siku moja. Siku ya kwanza utaona damu tu. Siku ya pili utaanza kusikia harufu ya usaha na kuona mate, ugaga (uchafu mgumu ulioganda kwenye meno) na hofu ya watu. Siku ya tatu utaona kilicho muhimu zaidi: kurudiarudia. Jino la 9 la siku hiyo linang'olewa kwa subira ileile kama la kwanza.

Angalia pia ganzi inapokataa. Jino lenye usaha huifanya nyama iliyolizunguka kuwa na asidi, na ganzi hupoteza nguvu hapo. Daktari husubiri, hubadili mahali pa kuchoma, huongea na mgonjwa. Kama dakika hizo zilikuvutia kujua kwa nini, hiyo ni dalili nzuri kuliko kutoogopa damu.

Ujue pia kwamba katika hospitali nyingi za umma kazi kubwa ni kung'oa, kwa sababu watu huja jino likishaoza kabisa. Anayewazia kunyoosha meno na kupandikiza tu atavunjika moyo mapema. Bado kuna kazi inayohitaji mtu mwenye huruma: watoto wachanga wanaochokolewa fizi kwa imani kwamba "meno ya plastiki" yaliyomo ndani yake ndiyo yanayowaletea homa na kuhara, au vijana wa Arusha na Kilimanjaro wanaoficha tabasamu kwa meno yaliyobadilika rangi kwa floridi ya majini. Kama habari hizi zinakugusa, zipe uzito kwenye uamuzi wako.

Kuhusu pesa: ajira ya serikali ina foleni, na kliniki yako mwenyewe inadai kiti, kompresa ya kusukuma hewa, otoklevu ya kuua vijidudu kwenye vifaa, na eksirei kabla ya mgonjwa wa kwanza. Usiingie kwa ahadi ya utajiri wa haraka. Mgongo na shingo navyo huchakaa kwa anayejikunja, kwa hiyo kama tayari una tatizo la uti wa mgongo, liulizie sasa.

Ukiona unaendelea, thibitisha, kisha ukapime homa ya ini B. Ukiwa huna maambukizi wala kinga, anza chanjo mara moja: dozi ya 2 baada ya mwezi 1, ya 3 baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baada ya hapo pima kama kinga imejengeka. Anayesubiri mpaka aitwe kliniki hujikuta ameshika sindano yenye damu ya mtu akiwa na dozi moja tu mwilini.