Maswali Yenu Kuhusu Undertale

Tangu tuitaje Undertale kwenye safu hii, barua zimekuwa nyingi. Kwa asiyeijua: ni gemu ya mtoto aliyetumbukia chini ya mlima, kwenye nchi ya mazimwi. Iliundwa na Mmarekani Toby Fox, ikatoka tarehe 15 Septemba 2015. Kila zimwi unalokutana nalo unaweza kuliua au kulisamehe. Ambaye hajaicheza aruke ukurasa huu, kwani majibu yanafichua mengi.

*Nilimpiga Toriel, yule zimwi mama anayekulea mwanzoni, apungue nguvu kidogo ndipo nimsamehe, kama gemu nyingine zinavyotaka. Akafa ghafla. Nilirudi nilipohifadhi nikamsamehe, lakini lile ua linaloongea likanisema kuwa nilimuua. Limejuaje? Na mbona nina uchungu hivi kwa kitu cha kuchora tu? – Msomaji, Tanga*

Umeingia mtego ambao wengi huingia, na umetegwa makusudi. Uhai wa Toriel ukishashuka kiasi fulani, pigo linalofuata huongezwa nguvu mara nyingi na linammaliza papo hapo. Hakuna kumpunguza ukamwacha. Njia ni kuchagua MERCY (huruma) kisha Spare (samehe), tena na tena, hata anapojibu kwa nukta tupu. Usikate tamaa katikati ukadhani haifanyi kazi: maneno yake yakianza kubadilika, umekaribia. Kuzungumza naye hakusaidii, na ukikimbia unarudishwa ghorofani kuanza upya. Uhai wako ukibaki kidogo sana, utaona moto wake unakukwepa. Hataki kukuua.

Kuhusu ua, Flowey: gemu ina sehemu mbili za kuandika mambo. Faili iitwayo file0 ndiyo unayoiita "seivu", na hiyo hurudi nyuma unapoifungua. Lakini pembeni kuna undertale.ini, ambayo hairudi. Humo imeandikwa ulichomtendea Toriel mara ya kwanza, na Flowey anasoma humo.

Uchungu nao una sababu zake. Kabla ya pambano, Toriel anakushika mkono, anakuita mwanangu, anakupa chumba na kukuokea pai. Kama uliichukua ile pai, bado iko mfukoni mwako hata baada ya kumuua. Halafu kuna hesabu za alama. Katika gemu nyingi, EXP ni uzoefu na LV ni daraja, kwa hiyo mchezaji anafurahi zikipanda. Hapa, karibu na mwisho, Sans, zimwi la mifupa mitupu, anakueleza kuwa EXP ni alama za mauaji, na LV ni kipimo cha ukatili. Kifupi cha pili kinasomeka LOVE, yaani upendo, na Flowey alikuuzia maana hiyo tangu dakika za mwanzo. Umekuwa ukijipongeza kwa jambo usilolijua. Ndiyo maana gemu hii inauma kuliko zile zenye damu na picha kali.

*Sikuua hata mmoja, nimemaliza na LV 1, lakini sikupata ule mwisho mwema. Nimekosea wapi? – Msomaji, Nakuru*

Hujakosea, hujamaliza. Mzunguko wa kwanza hauwezi kukupa mwisho huo. Lazima upigane na Asgore, mfalme wa mazimwi (anavunja kitufe cha MERCY, kwa hiyo kumpiga hakukuharibii), kisha na Flowey. Hapo gemu hujifunga yenyewe. Mashine haijaharibika, ifungue tena uendelee. Flowey akishashindwa, msamehe, halafu fungua hifadhi yako ya mwisho.

Sasa kagua urafiki, maana hapa ndipo watu hukwama. Papyrus, ndugu yake Sans, unatoka naye matembezi nyumbani kwake katika mji wa Snowdin. Undyne, mkuu wa walinzi wa mfalme, unamtembelea eneo la Waterfall, Papyrus akiwepo. Ila Undyne hakupokei kama hukumpa maji: alipokukimbiza hadi eneo la Hotland akaanguka kwa joto, ulipaswa kuchota kikombe kwenye mtungi wa maji ulio karibu na kummwagia. Wengi humpita tu. Na katika pambano lake, moyo wako (alama yako pambanoni) ukiwa wa kijani huwezi kukimbia. Kinga mikuki kwa mishale ya kibodi, ngoja uwe mwekundu, kisha chagua MERCY na ukimbie.

Hao wawili wakiwa rafiki, Undyne atakupigia simu. Mfuate mbele ya nyumba ya Papyrus, upokee barua, uipitishe chini ya mlango wa maabara ya mwanasayansi Alphys. Yanayofuata yatakupeleka maabara ya chini, na huko hakuna wa kumuua.

Jambo moja la tahadhari: bonyeza C mara kwa mara uangalie hali yako. EXP ikiwa zaidi ya 0 umeshaua, na nafasi ya kuhifadhi ni moja tu. Zimwi ambalo jina lake limekuwa la njano liko tayari kusamehewa. Whimsun unaweza kumsamehe mara moja bila kufanya lolote. Na ile pai usiile njiani: ukiila mbele ya Asgore, mashambulizi yake hupungua makali.

*Nilijaribu kuua wote kwa udadisi. Sasa kila nikipata mwisho mwema unaharibika dakika ya mwisho. Nimefuta gemu, nimepakua upya, bado! – Msomaji, Mombasa*

Idadi zenyewe za mazimwi ya kuua katika kila eneo (20 Ruins, 16 Snowdin, 18 Waterfall, 40 Hotland na CORE) zinaonyesha kuwa hakuna anayefika huko kwa bahati mbaya. Mwishoni uliombwa roho yako ukaitoa, na gemu inaweka kumbukumbu hiyo nje ya folda inayofutwa. Kwenye Windows, andika %localappdata% kwenye sehemu ya anwani, fungua folda ya UNDERTALE, utaona system_information_962 na system_information_963. Hizo ndizo. Lakini ukizifuta tu, Steam Cloud, hifadhi ya wingu ya duka la gemu la Steam, itakurudishia. Zima kwanza hifadhi ya wingu kwenye mipangilio ya gemu hiyo ndani ya Steam, ndipo ufute folda nzima.

Kwa wanaotaka kujaribu: nakili folda hiyo kwenye flashi kabla. Maoni yetu ni kwamba ukifuta alama hiyo umeondoa kitu ambacho mwandishi alitaka ubaki nacho, ila kompyuta ni yako.

*Ipo ya simu? – Msomaji, Bujumbura*

Toleo rasmi la simu hakuna. Hizo APK (faili za kusakinisha kwenye Android) zinazozunguka zimetengenezwa na watu wengine, usiziweke. Laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2 na nafasi ya MB 200 inatosha, na ikishapakuliwa haihitaji bando. Lugha rasmi ni Kiingereza na Kijapani tu, na mzaha mwingi umo kwenye maneno: Sans na Papyrus wamepewa majina ya fonti, na kila mmoja huongea kwa maandishi ya fonti yake. Mtoto asiyesoma Kiingereza vizuri akae na mtu wa kumsomea. Vitufe vya kibodi: Z kukubali, X kurudi, F4 kujaza skrini.