Transmita ya wati 5 na amplifaya ya valvu: tazama mawimbi yanaingilia wapi

Mkuu, umeuliza kama transmita yako ya redio ya ridhaa ya wati 5 itaweza kusukuma amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu) ya valvu moja, ile taa ya kioo ya kielektroniki iitwayo 3-500Z, uliyopata kwa bei nzuri, na kama utazipata zile wati 500 ulizoahidiwa. Jibu langu ni hapana. Nalisema kwa uhakika kwa sababu nimekaa miaka mingi na transmita ndogo ya Morse mezani, na nilianza na amplifaya ya aina hiyohiyo kabla ya kupata iliyonifaa.

Amplifaya nyingi za 3-500Z zimefungwa gridi (wavu wa ndani unaodhibiti mkondo) ikiwa imeungwa kwenye chasisi, na mawimbi yanaingilia kwenye kathodi (sehemu inayotoa elektroni). Ni mpangilio mtulivu na hausumbui, ila unakula wati. Unakuza kama mara 10, pengine mara 15 mambo yakiwa mazuri. Kwa hiyo wati 5 zako zitatoka zikiwa 50 hadi 75 hivi, wakati valvu ile inataka isukumwe na wati 50 kwenda juu ndipo ifike inakotakiwa kufika. Na gharama yake ni ileile. Filamenti peke yake inakula volti 5 kwa ampea 14.5, yaani wati zaidi ya 70. Kwa volti 2500, ukishaiamsha tu, hata kabla hujatuma nukta moja, anodi (bati linalopokea elektroni) inapitisha karibu miliampea 130. Zidisha uone: wati 325 za joto, feni inavuma, halafu kinachofika kwenye antena ni wati 50.

Kwa mtu wa wati 5, cha kutazama kwanza ni mawimbi yanaingilia wapi kwenye valvu. Ukubwa wa valvu unafuata baadaye. Mimi nilihamia kwenye valvu ndogo za 6146B mbili zilizofungwa sambamba, mawimbi yakiingia kwenye gridi. Valvu hii ukiiendesha bila gridi kupitisha mkondo haikuombi wati, inakuomba volti. Na volti unaweza kuzipandisha kwa transfoma.

Hesabu yake ni hii. Wati 5 kwenye omu 50 ni volti 22 hivi za kilele. Gridi zangu zimekaa kwenye volti hasi 50, kwa hiyo 22 zinazitikisa nusu tu ya safari. Nilisuka transfoma kwenye pete ya feraiti, mizunguko 6 upande wa transmita na 12 upande wa gridi. Omu 50 zinageuka 200. Kwenye gridi nikaweka rezista tano za omu 1000, kila moja ya wati 2, zote sambamba, jumla omu 200. Zisiwe za waya uliosukwa, kwa sababu hizo ni koili kwa masafa yetu. Sasa wati 5 zilezile zinanipa volti 45 za kilele. Kwa volti 750 za anodi na 200 za skrini (gridi ya pili), valvu mbili hizi zinatoa wati 100 na ushei.

Rezista zile zina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mwanzoni mlio wangu ulikuwa unapinda kila nikibonyeza ufunguo, kwa sababu transmita ya kristali haipendi kuona mzigo wake unabadilikabadilika. Tangu iwe inatazama omu 50 zilizotulia, mlio umenyooka. Ila ujue gridi mbili zina kapasitansi yake. Kwenye MHz 3.5 na 7 haionekani, kwenye 14 inaanza kusumbua, na kwenye 28 itakulazimu kuweka koili ya kuifuta.

Sasa jambo lililoniuma, na ndilo ninaloona watu wengi wanalipita: waya wa kuamshia rilei, yaani waya ambao transmita inautumia kuwasha swichi ya umeme iliyo ndani ya amplifaya. Ile amplifaya yangu ya kwanza niliichomeka moja kwa moja kwenye tundu la transmita la kuamshia rilei. Jioni ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Kesho yake nabonyeza, rilei kimya. Nilipopima tundu la amplifaya likiwa wazi nikakuta volti zaidi ya 100, na transista ya transmita iliyokuwa inaamsha rilei ilitengenezwa kwa rilei ya volti 12. Ilikuwa imekufa. Tangu siku hiyo kati ya vifaa hivi viwili kuna rilei ndogo ya volti 12 yenye dayodi sambamba na koili yake, na transmita haijui kabisa upande wa pili kuna nini.

Rilei hizo pia zina uvivu wake. Rilei kubwa ya antena huchukua milisekunde 10 hadi 20 kufunga, na transmita ya Morse inayoachia papo hapo haisubiri. Nukta ya kwanza inapita wakati ncha za rilei ziko hewani, zinapiga cheche na kuungua kidogokidogo. Mimi natumia pedali: naikanyaga kwanza, nasikia rilei ikilia, ndipo natuma.

Kutyuni ni raha ukizoea. Anza na antena bandia (rezista kubwa inayomeza nguvu bila kurusha mawimbi) na wati 1 tu ya kusukuma. Sindano ya mkondo wa anodi inapanda, unazungusha kapasita ya anodi taratibu, na mahali pamoja sindano inatumbukia ghafla. Hapo ndipo. Unaongeza lodi (kapasita ya upande wa antena) kidogo, unarudi kutafuta bonde tena, mpaka mita ya wati isiongezeke. Usikae nje ya bonde zaidi ya sekunde chache, maana bati la anodi litaanza kuwa jekundu ukiliangalia kwa macho. Na skrini isipate umeme kabla ya anodi hata siku moja. Anodi ikikosa umeme, skrini inabeba mkondo ambao haikuumbiwa, na valvu inakwisha. Ukitumia mitindo ya kidijitali inayotuma mfululizo, punguza nguvu iwe nusu.

Volti 750 zinaua, mkuu, na za 3-500Z zinaua haraka zaidi. Chomoa plagi, subiri, pima kapasita kwa mita, kisha zigusishe kwenye chasisi kwa fimbo ya plastiki yenye rezista na waya. Fanya yote hayo, hata kama rezista za kumaliza chaji zipo. Zinakatika bila kutoa taarifa.

Kuhusu faida yenyewe: kutoka wati 5 hadi 100 ni desibeli 13, yaani alama mbili hivi kwenye mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwenye redio ya anayekusikia. Kituo kinachokusikia vizuri tayari hakitaona tofauti kubwa. Kwa yule aliyekuwa anakupoteza kwenye kelele, ni tofauti ya kupata jina lako na kutolipata. Lakini kama waya wako wa antena umelala chini, upandishe kwanza. Antena nzuri inakusaidia hata kusikia, amplifaya haikusaidii hapo. Na tazama leseni yako inaruhusu wati ngapi.

Hiyo 3-500Z ingefaa sana ungekuwa na transmita ya wati 50 au zaidi. Ukiamua kuichukua sasa hata hivyo, kabla ya kuunganisha waya wowote iwashe peke yake, pima volti kwenye tundu la rilei, utuandikie hapa umekuta ngapi.