Kaka uliyeniomba siri ya kukesha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nipe siri. Unalalaje masaa manne tu halafu kazi zinakwenda?" Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kuujibu, maana kosa ni langu. Ni mimi niliyewahi kujigamba kwamba usingizi ni wa wavivu.

Masaa manne yale sikuyachagua. Saa tano usiku nilikuwa naanguka kitandani kama gunia. Saa tisa nashtuka, moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Nachukua simu nione saa: tisa na dakika saba. Naanza hesabu. Nikilala sasa hivi hadi kumi na moja na nusu, nitapata masaa mawili na dakika ishirini na tatu. Baada ya muda nahesabu upya, zimepungua. Hakuna kinachofukuza usingizi kama hesabu hiyo! Basi naamka, najibu barua pepe za kazini, na asubuhi wenzangu wanasema, "Huyu jamaa halali." Nilivimba kichwa.

Siku niliyopimwa presha kwa bahati tu, nesi alifunga mkanda mkono wa kushoto, akatazama, akaufungua, akahamia wa kulia. Kimya. 158 kwa 96, presha ya juu. Daktari aliniuliza ninavyolala kabla hajauliza ninachokula. Akanieleza kwamba mtu akilala vizuri presha hushuka usiku, mishipa ikapata nafuu. Mimi niliinyima nafuu hiyo. Kortisoli, homoni ya msongo, inapaswa kuwa chini kabisa katikati ya usiku na kupanda kuelekea alfajiri. Akili iliyo lindoni haiiachi ishuke. Na ukikosa usingizi, kesho yake jambo dogo linakuwasha moto, msongo unaongezeka, usiku unarudi palepale. Njaa nayo hupanda. Kumbe ndiyo maana nilikuwa natafunatafuna kutwa.

Bosi aliyekuwa akizisifu barua pepe zangu za usiku, nilipoomba siku tatu za kupumzika, alimpa mtu mwingine kazi niliyoianza mwenyewe. Hata simu hakunipigia. Inaniuma mpaka leo, sitadanganya.

Sasa nisikilize, nawe unayejisifu kukesha. Mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Simu ilale chumba kingine. Kahawa iishie mchana: ukinywa saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tatu usiku. Ukishtuka na usingizi usirudi kwa kama dakika ishirini, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha, rudi macho yakiwa mazito. Na usitazame saa. Nasema tena, usitazame saa! Hali ikiendelea siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, nenda hospitali. Ipo tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kubadili mazoea, na ndiyo inayopendekezwa kabla ya vidonge.

Mimi kitu changu cha kuchosha ni kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kukisoma, sijafika ukurasa wa tisa.