Nani Hugawa Malango ya Ndege?

SWALI: Mhariri, kwa nini shirika moja la ndege huwa na malango mengi ya kupandia abiria katika kiwanja kimoja, ilhali washindani wake hugombea machache yaliyobaki?

JIBU: Mgawaji ni uongozi wa kiwanja, ingawa mara nyingi hubanwa na mikataba ya zamani. Katika viwanja vingi vya Ulaya malango hutumiwa kwa pamoja, na uongozi huyapanga kwa kuzingatia ukubwa wa ndege, muda wake wa kukaa na aina ya safari. Marekani ilifuata njia nyingine: mashirika makubwa yalitia saini mikataba ya miaka mingi, ambayo malipo yake yaliwahakikishia wakopeshaji waliogharimia majengo kwamba fedha zao zingerudi, nayo mashirika yakapata malango ya peke yao. Shirika jipya likibisha hodi huambiwa hakuna nafasi, hata kama lango linashinda tupu. Kwa maoni yangu, hilo ni kuua ushindani kimyakimya. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ilivitaka viwanja vikubwa na vya kati vinavyotawaliwa na shirika moja au mawili viwasilishe mipango ya ushindani, yaani maelezo ya jinsi vitakavyowapa nafasi washindani. Siku hizi mikataba mingi hutoa kipaumbele tu cha kutumia lango, si haki ya peke yake, hivyo shirika lisilolitumia lango ipasavyo laweza kulazimika kulishiriki na jingine. Kiwanja cha Dallas Love Field, huko Texas, ni kesi ngumu zaidi: sheria ya mwaka 2006 iliweka ukomo wa malango 20, na karibu yote yako mikononi mwa shirika la ndege la Southwest.