Kibwagizo ndicho kilichokuponza

SWALI: Nilikuwa naghani mbele ya watu shairi la beti 12, nililolitunga mwenyewe. Beti sita zilitiririka vizuri. Nikamaliza kibwagizo cha sita, nikafungua mdomo, hamna kitu. Nikaurudia ubeti wa sita, nikakwama palepale. Nilishuka jukwaani bila hata kuaga. Nina miaka 36. Je, akili imeanza kuchoka?
Msomaji aliyetahayari

JIBU: Pole sana. Hilo la akili kuchoka sioni dalili yake katika uliyonisimulia. Ninachokiona ni kibwagizo.

Ukikariri shairi kwa kulirudia toka juu hadi chini, kila mshororo unakuwa ndoana ya kuuvuta unaofuata. Sasa kibwagizo ni kilekile mara 12. Ndoana moja, samaki 12! Ulipokimaliza ulikuwa umesimama kwenye njia panda, na maneno uliyotoka kuyatamka hayakukuambia uelekee wapi. Ndiyo maana kuurudia ubeti wa sita hakukusaidia. Ulijirudisha kwenye njia panda ileile, safari hii na jasho juu.

Andika neno la kwanza la kila ubeti, maneno 12 basi, uyakariri peke yake kama mtoto anavyojifunza kuhesabu. Kisha jizoeze kuanzia katikati: ubeti wa saba, wa tatu, wa 11. Mimi nilikuwa namwomba mtu anitajie namba yoyote huku naosha vyombo, nami naanzia hapohapo. Ukiweza na mikono ina povu, jukwaani utaweza.

Na ukikwama tena, usirudi nyuma. Ruka. Shika ubeti wowote unaokujia. Nani atajua, na shairi ni lako?

Nasema haya kwa kuwa nimeigiza miaka mingi na yamenikuta. Usiku mmoja nilicheza hakimu, kazi yangu kubwa ikiwa kusoma hukumu, na jina la mshtakiwa likanitoka. Nikakohoa. Nikapekua karatasi zangu, ambazo kwa bahati mbaya hazikuwa na maandishi yoyote. Mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyeniokoa: alijitaja jina kwa sauti ya hasira na kudai hana hatia. Watazamaji wakampigia makofi. Nikamhukumu kifungo huku namshukuru moyoni.

Wakubwa nao husahau. Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, alipotewa na maneno ya wimbo jukwaani Berlin mwaka 1960. Akatunga mengine papo hapo, na ndani ya wimbo akakiri kwamba ameyasahau. Rekodi ya usiku ule ilimpatia tuzo za Grammy. Mwimbaji mwingine wa huko, Patti Smith, akiimba wimbo wa mwanamuziki Bob Dylan kwenye sherehe ya Nobel huko Stockholm, tarehe 10 Desemba 2016, alisimama katikati, akaomba radhi, akasema ana woga, akaanza tena. Walimpigia makofi. Kwangu mimi njia ya Ella ni tamu zaidi, ila inataka kipaji. Ya Patti inataka ujasiri tu wa kusema "samahani". Wewe hukufanya lolote kati ya hayo mawili, na nadhani kule kushuka kimyakimya ndiko kunakokuuma kuliko ubeti wenyewe.

SWALI: Naingia chumbani kuchukua kitu, nikifika sijui nimefuata nini. Kulikoni?

JIBU: Mlango. Mwanasaikolojia Gabriel Radvansky na wenzake walichapisha majaribio mwaka 2011: waliopita mlangoni walisahau walichobeba kuliko waliotembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja. Watu hushauri urudi ulikotoka ili ukumbuke, lakini katika majaribio yale kurudi chumba cha kwanza hakukufaa kitu. Mimi hutembea nikisema kwa sauti, "Mkasi, mkasi, mkasi." Watoto wananicheka, ila mkasi naupata.